Nguzo Saba za Kivilahti

"Mzee Vaino, nakuuliza kwa mara ya mwisho," alisema Sajini Hilma Rautio. "Ulijuaje?"

Vaino Pelkonen aliitazama kahawa yake. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na mabega ya mtu aliyepanda nguzo za umeme miaka arobaini. Mdomo wake, tangu alipokamatwa jana jioni, ulikuwa umefunguka mara mbili tu: mara ya kwanza kukataa wakili, mara ya pili kuomba sukari.

Mezani palikuwa na vitu vitatu ndani ya mifuko ya plastiki. Cha kwanza ni mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, uliotolewa kwenye gari lake. Cha pili ni kipande cha waya wa stei, ule waya mnene unaoshuka kutoka juu ya nguzo hadi ardhini kuizuia isilale, nacho kimekatwa. Cha tatu ni barua aliyoiandikia bodi ya ushirika wa umeme mwezi wa nne, mistari miwili tu, kalamu imekandamizwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka: Laini ya Kivilahti haitaumaliza mwaka huu. Msije mkasema sikuwaambia.

Na kweli haikuumaliza. Wiki mbili zilizopita, siku ya Alhamisi, upepo ulitoka Ziwa Superior, nguzo saba zikalala chini kwa mfuatano, na kijiji cha Kivilahti, kilicho mwisho kabisa wa laini, kikakaa bila umeme siku nne. Mzee Onni Salmela, anayepumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni, alibebwa kwa trekta hadi barabara kuu midomo ikiwa imeanza kugeuka rangi. Alipona kwa bahati tu.

"Barua ni yako. Mkasi ni wako," Hilma aliendelea. "Na kila mtu anajua ulivyokuwa unaupinga mpango wa bodi. Ulitaka Kivilahti wapewe betri na sola zao wenyewe. Bodi ikakataa. Wiki sita baadaye laini iko chini na waya umekatwa. Wewe ungekuwa mimi, ungefikiri nini?"

"Ningefikiri nikatafute kahawa nyingine. Hii ni maji ya kuoshea buti."

"Vaino!"

"Sikukata waya."

"Basi niambie ulijuaje kwamba zitaanguka."

Mzee akaufunga mdomo tena. Hilma alikuwa amehoji waongo wengi katika kazi yake, na aliijua sura ya mtu anayetunga uongo. Huyu hakuwa anatunga chochote. Alikuwa ameukalia ukweli, na alikuwa mzito.

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na robo asubuhi. Saa nane mchana wanachama wa ushirika wangekutana, na mwaka huu ilikuwa zamu ya Kivilahti kuwa mwenyeji, wapigie kura mpango wa miaka ishirini. Mpango huo uliupa mji wa Port Aldous kila kitu: kituo kipya cha umeme, betri, laini ya pili. Kivilahti ilipewa sentensi moja, kwamba nguzo zake zote zimekaguliwa na ni imara, hivyo isubiri hadi mwaka 2045. Na mwendesha mashtaka alishampigia Hilma simu. Saa nane hiyohiyo angesaini hati ya kumshtaki Vaino.

Yote yalisimama juu ya swali moja. Kama nguzo zilikuwa imara kama mpango ulivyosema, basi kuna mtu aliyeziangusha, naye amekaa hapa anatukana kahawa. Kama hazikuwa imara, mzee hana kosa na mpango wenyewe umejengwa juu ya uongo. Zilianguka, au ziliangushwa?

Hilma aliuchukua mfuko wenye kipande cha waya, akatoka.

Dewey LaFave, naibu wa sherifu, alikuwa na urefu wa futi sita na inchi nne, na hakuwahi kumruhusu mtu yeyote asahau. Aliendesha gari magoti yakigusa usukani.

"Tunakwenda kuangalia nini tena?" aliuliza. "Kule tumeshapiga picha mia mbili."

"Tunakwenda kuangalia ambacho hatukukipiga."

"Yaani hujui."

"Endesha gari, Dewey."

Ilikuwa Juni. Theluji ilikuwa imekwisha kabisa na mbu walikuwa wameshika zamu. Hilma aliunyanyua ule mfuko kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza huku na huku.

"Wewe si uliwahi kufanya kazi ya kuvuta magari mabovu?"

"Miaka mitatu. Mgongo wangu bado unanikumbusha."

"Kebo ikiwa imekazwa sawasawa, halafu mtu akaikata, inakuwaje?"

"Kwanza unakimbia," alisema Dewey. "Inaruka vibaya. Ukirudi kuiangalia, nyuzi zote zimefumuka, imekuwa ufagio."

"Na ikikatwa ikiwa imelegea?"

"Hapo haina mbwembwe. Inabanwa kwenye meno ya mkasi, inakatika, basi."

Hilma alimpa mfuko. Dewey aliutupia jicho moja, kisha akapunguza mwendo na kuegesha kando ya barabara ili aangalie vizuri. Nyuzi saba za chuma zilikuwa zimelala pamoja, bapa, hakuna hata mmoja uliofumuka.

"Huu haukuwa umekazwa," alisema taratibu.

"Na stei ya nguzo iliyosimama hukazwa wakati wote. Ndiyo kazi yake."

"Kwa hiyo ulikatwa nguzo ikiwa tayari iko chini!" Dewey alipiga usukani, honi ikalia. "Sajini! Wiki mbili tumekaa na huu waya! Mbona hatukuliona hili?"

"Kwa sababu tulikuwa na barua, tukawa na mkasi, tukawa na mzee asiyetaka kusema. Tukaridhika." Hilma alikuwa amekasirika, na aliyemkasirikia zaidi ni yeye mwenyewe. "Washa gari. Sasa swali ni nani anakata waya wa nguzo iliyokwisha kuanguka."

"Mwendawazimu."

"Au mtu aliyezibiwa njia."

Waya ulikuwa wa nguzo namba arobaini na moja. Nguzo mpya ilikuwa imeshasimikwa mahali pake na kikosi cha kukodi kutoka Wisconsin, kilichokuja na mashine yake ya kutoboa mwamba. Hilma alisimama pale na kuzunguka polepole, akiangalia kila upande. Upande mmoja msitu wa misonobari. Upande wa pili nyumba ya manjano. Na kati ya nyumba na nguzo, hatua ishirini hivi, palikuwa na kibanda cha magogo chenye bomba la chuma. Bomba lilikuwa linatoa moshi.

"Leo siku gani, Dewey?"

"Jumamosi." Dewey aliutazama moshi, akaanza kutabasamu. "Hapana. Usiniambie."

Mwenye nyumba alikuwa Bibi Saima Hyttinen, mjane wa miaka sabini na minane. Alifungua mlango taulo likiwa kichwani. "Kama mmekuja kuoga mvuke wa sauna mmewahi," alisema. "Mawe hayajashika moto."

Aliwakalisha jikoni, akawamiminia kahawa, akakata mkate wa iliki. Hilma alikuwa na haraka, lakini kuikataa kahawa ya Saima kungechukua muda mrefu kuliko kuinywa.

"Shangazi, siku ile ya upepo, nguzo ya hapa mbele iliangukia wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

"Mwanangu, wewe umeshaona nguzo ikaangukia juu?"

"Iliangukia njia ya sauna, siyo?"

Saima alikata mkate tena, ingawa hakuna aliyemaliza kipande cha kwanza.

"Ilianguka Alhamisi," Hilma alisema. "Ijumaa ukavumilia. Ikafika Jumamosi."

Kisu kikawekwa mezani. "Miaka hamsini na minne sijakosa sauna ya Jumamosi," alisema Saima, sauti imepanda. "Mtoto wangu wa pili nilimzaa humo, na ilikuwa Jumamosi! Sasa nakwenda, nakuta waya umekatiza mlangoni. Mlango wenyewe unafungukia nje. Nasukuma, navuta, hauendi. Nikasema haya, nikaenda kuchukua mkasi wa marehemu."

"Ukaukata."

"Nikaukata! Na niliangalia kwanza, msidhani mimi mjinga. Laini yote ilikuwa vipande vipande chini, hakuna umeme hata wa kumwamsha nzi."

"Kwa nini hukusema?"

"Marehemu alikuwa fundi wa laini. Miaka thelathini ananiimbia, Saima, usiguse waya, hata ukishakufa usiguse. Nikajua nikisema tu watanikatia umeme nife na giza langu."

"Shangazi, Vaino yuko ndani kwa sababu ya waya huo."

Rangi ilimtoka Saima usoni. "Vaino? Mimi nilidhani wamemshika kwa ile barua yake ya matusi!" Alianza kuvua aproni. "Nipelekeni mimi. Sasa hivi. Ngojeni tu nizime moto."

"Huendi popote," alisema Hilma, na hakuweza kujizuia kumshika bega. "Saa nane njoo ukumbini. Utayasema hayohayo, vilevile ulivyoyasema."

Walipotoka nje, Dewey alikuwa anakaribia kurukaruka. "Tumemaliza! Mpigie mwendesha mashtaka!"

"Tumemaliza nusu. Atasema Vaino aliziangusha kwa njia nyingine. Mimi nataka kujua zilianguka kwa nini." Hilma alitandaza picha walizopiga Jumapili iliyofuata upepo juu ya boneti. "Angalia. Nguzo imara upepo ukiizidi huvunjika katikati. Hizi hazikuvunjika hata moja. Zimelala nzima nzima."

"Zilikuwa na nini huko chini kwenye vitako?"

"Nilitaka kuviona. Nilipokwenda bohari kesho yake nikaambiwa nguzo zimeshakatwa vipande na kutupwa dampo. Amri ya Arvid Tulppo. Eti usalama wa watoto."

Arvid Tulppo alikuwa mkuu wa mipango wa ushirika. Ndiye aliyeukagua mstari mzima wa nguzo, na ndiye aliyeuandika mpango wa miaka ishirini kwa mkono wake. Kitabu chenyewe kilikuwa kiti cha nyuma, kurasa mia mbili na kumi. Hilma alikifungua ukurasa wa sitini na moja, ambao alikuwa ameusoma mara kumi na kila mara kuuelewa.

"Sikiliza. Kila nguzo ya futi arobaini ina chapa ya kiwandani, imechomwa kwenye mti, futi kumi kutoka kitako. Nguzo ikizama futi sita ardhini, inavyotakiwa, chapa hubaki futi nne juu ya ardhi. Kwa hiyo mkaguzi hahitaji kuchimba. Anaangalia chapa iko wapi, anajua huko chini kuna kiasi gani."

"Futi nne ni kifuani," alisema Dewey. "Kwa watu wa kawaida. Kwangu mimi tumboni."

"Na hii hapa picha yake. Nguzo namba arobaini na tano, ya zamani, haikuanguka. Ameweka kiganja kwenye chapa, iko kifuani kwake. Imara."

Dewey aliikagua nguzo mpya ya arobaini na moja. Chapa ilikuwepo, futi nne, bila mzozo. Wakaenda kwa miguu hadi ya arobaini na tano, ya zamani, iliyokwajuka na kupasuka juani. Dewey aliizunguka. Akaizunguka tena.

"Hii haina chapa."

"Lazima iwe nayo. Namba ni hiyo, na ule mpasuko wa kushoto ni huohuo wa kwenye picha."

"Nakwambia haina! Nimepapasa kote, kuanzia hapa mpaka..." Akanyamaza. Alikuwa ameinua uso. Dewey LaFave, mwenye futi sita na inchi nne, alikuwa anaangalia juu. Aliunyoosha mkono, na vidole vyake vikagusa duara jeusi lililochomwa kwenye mti, juu ya kichwa chake.



"Tulppo ni mfupi," Hilma alisema. "Hafiki hata futi tano na nusu. Hapo ameifikiaje kwa kifua?"

"Labda nguzo imerefuka," alisema Dewey.

Hilma aliirudia ile picha. Aliiangalia kuanzia juu: kofia ya sufu, koti, kiganja, chapa. Halafu akashuka hadi mahali ambapo jicho lake lilikuwa halijawahi kusimama. "Dewey. Miguuni amevaa nini?"

"Viatu vya kutembelea thelu..." Neno lilimfia mdomoni.

"Tarehe?"

"Kumi na moja Februari. Mungu wangu! Amesimama juu ya theluji!"

Walikuwa wameiona picha ile mara ngapi, wao wote wawili, wenyeji wa kuzaliwa, na theluji hawakuiona. Hapa kuanzia Novemba hadi Aprili theluji ndiyo ardhi. Watu hupita juu ya uzio wao wenyewe wasikumbuke kwamba wana uzio. Na kazi zote za porini hufanywa wakati huo, ukataji wa magogo, upimaji, ukaguzi, kwa sababu kinamasi kinakuwa kimeganda na pikipiki ya theluji inafika kila mahali. Tulppo alifanya kazi yake Februari kama mtu mwingine yeyote wa hapa angefanya. Kule Port Aldous barabara zilikuwa zimefagiliwa na vipimo vyake vikawa sahihi. Huku alipima kutoka juu ya theluji.

Hilma alichomoa futikamba. "Shika juu."

"Futi saba na nusu!" Dewey alipaza sauti.

"Chapa iko futi kumi kutoka kitako. Toa saba na nusu."

"Mbili na nusu. Sajini, hii nguzo imezama futi mbili na nusu! Badala ya sita! Imesimama kwa adabu tu!"

Walikwenda nguzo kwa nguzo kuelekea kijijini, wakikimbia sasa, Dewey akipaza namba na Hilma akiandika. Saba na robo. Saba na nusu. Saba na nusu. Nane kasoro inchi mbili. Hakuna hata moja iliyozama futi tatu. Waliacha moja tu, ya mwisho, iliyokuwa mbele ya ukumbi wa kijiji. Hilma alitaka kuipima mbele ya watu.

Alimpigia simu mwendesha mashtaka, kisha sherifu, akaomba apewe Vaino.

"Mzee, waya aliukata Saima. Ulimzibia mlango wa sauna."

Upande wa pili kilisikika kicheko kifupi kilichokauka. "Saima. Bila shaka."

"Na nguzo zimezama futi mbili na nusu. Nimepima."

Kicheko kilikatika.

"Ndivyo ulivyojua," Hilma alisema. "Hukubashiri, ulikuwepo. Nani alizisimika?"

Alimsikia mzee akivuta pumzi.

"Nitoe humu ndani," alisema Vaino hatimaye. "Nitasema. Lakini siwezi kulisema hilo kwenye simu."

Ukumbi wa Kivilahti ulijaa pomoni. Mkutano mkuu wa ushirika haukosi mambo matatu: pasti za unga zilizojazwa nyama na viazi, kahawa ya kumwaga, na bahati nasibu ya wanachama. Mwaka huu zawadi ilikuwa msumeno wa injini, na ulikuwa umewekwa jukwaani chini ya picha ya Urho Pelkonen, msimamizi wa zamani, aliyeileta laini ya umeme hadi kijiji hiki. Urho alikuwa baba yake Vaino. Wazee wa Kivilahti bado walimsalimia kwa kichwa walipopita mbele ya picha.

Arvid Tulppo, suti yake ya kijivu imenyooka, alikuwa amekwisha kusimama. "Wanachama wenzangu," alisema, "tukio la wiki mbili zilizopita lilikuwa hujuma. Laini yenyewe ni imara. Kwa hiyo nawaomba..."

"Samahani, Bwana Tulppo." Hilma alikuja katikati ya viti, futikamba mkononi. "Nina swali dogo. Naomba tulijibu nje."

"Afande, tuko katikati ya kura!"

"Ndiyo maana nimekuja kabla haijapigwa. Bibi Saima, waambie kuhusu waya."

Saima alisimama na kuwaambia, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. Aliposema mlango unafungukia nje, kicheko kilianzia nyuma kikasambaa ukumbi mzima, na kilipotulia watu walikuwa wanamtazama Tulppo kwa namna nyingine.

"Waya si hoja," alisema Tulppo. "Nimekagua kila nguzo kwa mkono wangu."

"Nakuamini," Hilma alisema. "Twende ukanionyeshe moja tu."

Watu mia tatu walitoka nje na vikombe vyao. Nguzo namba hamsini na mbili ilisimama pale penye kivuli kizuri, transfoma nono kama pipa ikining'inia juu yake, na chini yake magari yalikuwa yamebanana bila nafasi. Gari la sherifu lilikuwa limefika. Vaino alikuwa ameegemea mlango wake, bila pingu, mikono mfukoni.

Hilma aliinyanyua picha ili wote waione. "Februari uliweka kiganja kwenye chapa, Bwana Tulppo, ikiwa kifuani kwako. Tafadhali iweke tena."

Tulppo alitazama nguzo. Akatazama juu. Alinyoosha mkono, akasimama kwa ncha za viatu vyake vilivyong'aa, na bado vidole vilikwama nusu shubiri chini ya duara jeusi. Aliruka kidogo.

"Ulikuwa umesimama juu ya nini?" Hilma aliuliza.

Mkono ulishuka. "Theluji," alisema Tulppo kwa sauti ndogo. "Nilisimama juu ya theluji."

Mguno ulipita katika umati. Kila mmoja pale alijua kabisa kwamba naye asingeiona.

"Ulijua lini?"

"Asubuhi ile zilipoanguka. Niliona vitako. Udongo ulikuwa umeshika futi mbili tu na kidogo." Uso wake ulikuwa umelowa jasho. "Nilikuwa nimeshawaambia ni imara. Kitabu kilikuwa kimeshachapwa. Halafu mkauona ule waya, mkasema Vaino, na mimi... sikuwazuia."

"Ukaagiza vitako vitupwe."

"Ndiyo."

"Onni alikuwa anakufa!" mwanamke mmoja alipiga kelele. Tulppo alifunika macho.

"Yeye alipima vibaya," sauti nzito ilisema. "Lakini hakuzisimika."

Vaino alikuwa amekuja hadi kwenye nguzo. Watu walimpisha. Kupitia mlango uliobaki wazi ile picha ya jukwaani ilionekana, na mzee aliiangalia mara moja kabla ya kuwageukia.

"Tulizisimika sisi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na msimamizi alikuwa baba. Tulikuta mwamba kila mahali. Misumari ya kutobolea ikatuishia, na Krismasi ilikuwa karibu, na nyie mlikuwa mnangoja taa. Baba akasema zisimikeni hivyohivyo, majira ya kuchipua tutarudi tuzishushe." Alitikisa kichwa. "Hatukurudi. Kila mwaka nilimkumbusha, hadi akafa. Baada ya hapo nikabaki naandika barua zisizosema kitu, kwa sababu sikutaka mtu aseme neno juu ya Urho Pelkonen. Ningekwenda jela na siri hiyo. Nilikuwa tayari."

Hilma alikunja futikamba, akaitia mfukoni.

Upepo mdogo ulitoka ziwani. Haukuwa upepo wa kuhesabika, ulitikisa tu karatasi za kura mikononi mwa watu, lakini juu yao transfoma ilitoa mlio mdogo wa chuma. Watu mia tatu waliinua vichwa kwa pamoja.

Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa bodi. Alitoa funguo mfukoni, akasema "samahani" bila kumwambia mtu maalumu, akaingia kwenye gari lake na kulirudisha nyuma, mbali, hadi karibu na kanisa. Akafuata mwingine. Kisha injini zikawaka kila upande, watu wa Port Aldous mbele kuliko wote, wakipigiana honi, wakipishana, wengine wamebeba pasti kwa meno. Dewey alisimama katikati akiongoza magari, mikono yake mirefu hewani, akicheka hadi machozi.

"Haya!" Saima alipaza sauti. "Kuna anayetaka kuupigia mpango huu kura ya ndiyo? Aje aegeshe hapa!"

Hakuna aliyekuja. Karatasi za kura zilikuwa zimetapakaa kwenye majani, na mwenyekiti aliporudi kwa miguu hakuziokota. Alimwendea Vaino, akavua kofia, akamwomba aje Jumatatu ofisini wauandike mpango upya pamoja, kuanzia ukurasa wa kwanza, na waanze na Kivilahti na betri zake.

Vaino alisema atakuja kama kuna kahawa ya maana. Kisha akabaki peke yake chini ya nguzo. Alikuwa mrefu, alinyoosha mkono, akaifikia chapa bila shida, akaiwekea kiganja na kuipigapiga mara mbili, kama unavyompigapiga mzee wako begani ukitaka ajue umefika.